Mzinga Usio na Baruti: Historia ya Bunduki ya Koili

Bunduki ya koili hurusha kipande cha chuma kwa nguvu ya sumaku peke yake. Haina baruti, wala moto, wala gesi ya kusukuma. Waya wa shaba huzungushwa mara nyingi juu ya bomba jembamba, umeme mwingi hupitishwa humo kwa muda mfupi mno, na chuma kilichowekwa mwanzoni mwa koili huvutwa ndani kwa kasi. Umeme ukikatwa wakati chuma kinafika katikati, kitapitiliza na kutokea upande wa pili. Usipokatwa, sumaku ileile iliyokivuta mbele itakirudisha nyuma. Sharti hilo la kukata umeme kwa wakati wake limewasumbua watengenezaji wote wa chombo hiki kwa zaidi ya miaka 120, tangu maprofesa wa vyuo vikuu hadi vijana wanaokiunda nyumbani kwa kujifurahisha.

Msingi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1820 mwanafizikia wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Miaka michache baadaye Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya kwenye chuma kilichopindwa, akapata sumaku inayowashwa na kuzimwa. Nchini Marekani, Joseph Henry aliufunika waya ili mizunguko ibanane bila kupigana shoti, na mwaka 1831 sumaku yake iliinua zaidi ya kilo 900.

Charles Grafton Page, naye Mmarekani, aliitaka sumaku hiyo ifanye kazi ya kuvuta kwa mwendo mrefu. Alipanga koili katika safu na kuziwasha moja baada ya nyingine, fito za chuma zikivutwa ndani yake mbele na nyuma ili kuzungusha magurudumu. Tarehe 29 Aprili 1851 garimoshi lake la betri liliondoka Washington kuelekea Bladensburg na kufikia kasi ya takriban kilomita 30 kwa saa, huku vyungu vya betri vikipasuka njiani. Wazo zima la bunduki ya koili lilikuwa tayari limo ndani ya mashine ile. Lilichokosa ni mtu wa kuuachia ule ufito utoke.

Mtu huyo alikuwa Kristian Birkeland, aliyezaliwa mwaka 1867 mjini Christiania, ambao leo ni Oslo, na baadaye akawa profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha mji huo. Moyo wake haukuwa kwenye silaha. Alikuwa akichunguza aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku karibu na ncha ya kaskazini, na alishikilia kwamba inatokana na chembe zenye chaji kutoka kwenye jua zinazoelekezwa na usumaku wa dunia. Ili kuuthibitisha msimamo huo alihitaji vituo vya uchunguzi juu ya milima yenye barafu, vyombo, na watu wa kukaa huko majira yote ya baridi. Fedha za chuo hazikutosha. Mzinga wa umeme ulikuwa njia yake ya kutafuta fedha.

Mwaka 1901 alipata hataza ya mzinga huo. Wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kurusha chuma cha gramu 500 kwa kasi ya takriban mita 50 kwa sekunde. Katika mpango wake koili zilifuatana kando ya bomba, kila moja ikimpokea mwenziwe mzigo: chuma kikishapita, koili iliyo nyuma huondolewa kwenye umeme na iliyo mbele huendelea kuvuta. Kampuni iliundwa, hisa zikauzwa, na miongoni mwa walioweka fedha zao alikuwemo Gunnar Knudsen, mhandisi na mwanasiasa ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Norway. Ukafuata mzinga mkubwa, wa kurusha risasi ya kilo 10.

Mwanzoni mwa mwaka 1903 Birkeland aliuonyesha mzinga huo hadharani, katika ukumbi wa sherehe wa chuo kikuu. Ulielekezwa kwenye ukuta wa mbao nene, na nafasi iliyokuwa mbele yake ikafungwa ili mtu asipite. Aliwahakikishia waalikwa kwamba hawatasikia kitu isipokuwa kishindo cha risasi ikigonga mbao. Alipowasha swichi, umeme ulipiga shoti. Ulitokea mwanga mkali, mngurumo, na ulimi wa moto ukatoka kwenye mdomo wa mzinga, watu wakakimbilia milango. Risasi ilifika kwenye shabaha, lakini hakuna aliyebaki na hamu ya kuitazama. Birkeland mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hisa zake zilianguka hadi sifuri kwa mpigo ule mmoja.

Hapa ndipo historia ya mzinga huu inapopata uzito wake wa kweli. Mvumbuzi mwingine angerudi maabara kuziba kasoro. Birkeland alipata njia nyingine mezani nyumbani kwa Knudsen mwezi Februari 1903, alipokutana na mhandisi Sam Eyde, aliyekuwa na haki za maporomoko ya maji na akitafuta matumizi ya umeme wake. Ulaya ya wakati huo ilitegemea chumvi ya naitreti kutoka Chile kwa ajili ya mbolea, na ilijulikana kwamba radi huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani. Eyde alitaka radi kubwa kuliko zote, tena ya kudumu. Birkeland alikuwa anayo: tao la moto wa umeme likiwekwa ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu, hutanuka na kuwa sahani pana ya moto. Ule moto wa umeme ulioharibu onyesho la mzinga sasa ndio uliotakiwa.

Tanuri lao lilipitisha hewa katika moto wa nyuzi takriban 3,000 za Selsiasi, likatoa oksidi ya naitrojeni, kisha asidi ya naitriki, na mwishowe naitreti ya kalsiamu ya kumwagwa shambani. Kampuni ya Norsk Hydro ilisajiliwa tarehe 2 Desemba 1905, ikajenga viwanda Notodden na Rjukan. Njia hiyo ilikula umeme kupita kiasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imepitwa na ile ya Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch. Hata hivyo kampuni ilidumu. Mwaka 2004 kitengo chake cha mbolea kilijitenga na kuitwa Yara, na magunia yake yanafahamika vyema kwa wakulima wa Tanzania na Kenya. Birkeland alifariki Tokyo mwaka 1917, akiwa ametumia miaka yake ya mwisho Misri akichunguza mwanga wa anga.

Baada yake wazo la kurusha kwa umeme lilizunguka mikononi mwa wengi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mfaransa André Fauchon-Villeplée alijaribu mzinga wa reli, ambao hauna koili: risasi hubeba umeme wenyewe kati ya vyuma viwili. Mwaka 1937 Edwin Northrup, mvumbuzi wa aina mojawapo ya tanuri la umeme aliyewahi kufundisha Princeton, alitoa riwaya kwa jina bandia la Akkad Pseudoman, akieleza safari ya mwezini inayoanzia kwenye bomba refu lililozungushiwa koili. Miaka 40 baadaye Gerard O'Neill wa Princeton na Henry Kolm wa MIT, wakisaidiwa na wanafunzi, waliunda mashine ya majaribio kwa takriban dola 2,000 tu. Ilikusudiwa kuonyesha jinsi udongo wa mwezi ungeweza kurushwa angani bila roketi, na iliharakisha kigari chake kwa kiwango cha mara 33 ya mvutano wa dunia.

Kilichoifikisha bunduki ya koili nyumbani kwa watu wa kawaida ni elektroniki. Thairista, swichi isiyo na kitu kinachosogea, ilitoka katika kampuni ya General Electric mwaka 1957, na hubeba mamia ya ampea bila kuungua. Kisha zikaja kamera za bei rahisi zenye taa ya flashi. Ndani ya kila moja mna kapasita inayojazwa hadi takriban volti 330. Anayeanza huichukua hiyo, huzungusha waya wa shaba wenye vanishi juu ya kipande cha mrija wa plastiki, na kutumia msumari uliokatwa kama risasi. Mrija wa chuma haufai, kwa sababu umeme huzunguka ndani ya ukuta wake na kuinyima risasi nguvu.

Matokeo ya kwanza huwa hafifu. Kapasita ya mikrofaradi 100 katika volti hizo hubeba jouli 5 na nusu hivi. Koili moja isiyopimwa vizuri huipa risasi asilimia 1 au 2 ya nishati hiyo, na iliyobaki huishia kuwa joto kwenye waya. Kwa msumari wa gramu 3 hiyo ni kasi ya takriban mita 7 kwa sekunde, ambayo mkono unaweza kuishinda. Kuongeza kapasita hakusaidii kwa muda mrefu, kwa maana chuma hushiba usumaku kikikaribia tesla 2, na kapasita kubwa hukawia kuisha, hivyo umeme hubaki ukivuta baada ya risasi kupita katikati.

Ndiyo maana kuboresha bunduki hii ni kazi ya kurekebisha muda. Thairista ikishawaka haizimiki mpaka umeme uishe wenyewe, kwa hiyo watengenezaji wengi huhamia kwenye transista za IGBT, zinazokata kwa amri. Koili za pili na tatu huongezwa, na kabla ya kila moja huwekwa taa ndogo ya infraredi na kihisio chake. Risasi ikiukata mwale, koili inayofuata huwaka. Ni mpango uleule wa Birkeland wa mwaka 1901, ila sasa kazi ya kuzima hufanywa katika sehemu ndogo ya milisekunde. Mwaka 2021 kampuni ya Arcflash Labs ya Marekani ilianza kuuza bunduki ya koili 8 ya kushika mkononi, inayotajwa kufikia mita 75 kwa sekunde. Kasi hiyo iko chini sana ya risasi za baruti.

Hatari kubwa ya burudani hii imo kwenye kapasita kuliko kwenye risasi. Hubaki na chaji hata betri ikishaondolewa, na kundi la kapasita kadhaa zilizounganishwa linaweza kumuua mtu kwa mguso mmoja. Asiyejua kuziondoa chaji kupitia rezista na kuzipima kwa mita kabla ya kuzigusa asifungue hata hiyo kamera moja.