Mtafiti akifika mlangoni: haki za anayeulizwa

Fizi na Baraka zinatembelewa sana na watafiti: vita, wakimbizi wa ndani, dhahabu ya Misisi, kipindupindu kando ya ziwa Tanganyika. Wanakuja na fomu, wanauliza, wanaenda.

Maadili ya utafiti ni kanuni za kumlinda anayeulizwa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mwaka 1947, mahakama ya Nuremberg, Ujerumani, iliwahukumu madaktari wa Kinazi waliofanyia wafungwa majaribio kwa nguvu. Ikasema: lazima mtu akubali mwenyewe. Mwaka 1964, Chama cha Madaktari Duniani kikatoa Tangazo la Helsinki.

Ndiyo maana mtafiti anapaswa kujitambulisha, kueleza kazi yake ni ya nini, na kungoja jibu. Mtu anaweza kukataa, ao kuacha katikati, bila kunyimwa msaada. Jina lake lifichwe: maneno juu ya wenye silaha yakivuja, anaweza kuuawa.

Vijana wa mahali wanaotumwa kuuliza wafundishwe haya kwanza. Anayejaza fomu akikaa chini ya mwembe, bila kuuliza mtu, anadanganya: namba zake zinaweza kupeleka dawa ao kisima pasipo na lazima.

Nao wana haki. Kitabu La Série Bukavu, cha mwaka 2020, kinaonyesha namna watafiti wa mashariki ya Kongo wanaingia hatarini, kisha majina yao hayaandikwe.

Kabla ya kujibu, mkaaji aulize: Umetumwa na nani? Majibu yatawekwa wapi? Matokeo tutayaona lini?