Kamera Iliyosubiriwa Olduvai

Ukiondoka Kinanira, kusini mwa Bujumbura, ukalifuata jua linakochomoza bila kukata kona, utapita Cankuzo, utaingia Tanzania, utaliacha Ziwa Viktoria mkono wa kushoto, kisha utavuka Serengeti. Baada ya zaidi ya kilomita 650 utatokea kwenye Bonde la Olduvai. Mwaka 1913, Mjerumani Hans Reck alipochimba huko, Olduvai na Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, zilikuwa katika koloni moja.

Mtafiti wa binadamu wa kale, Louis Leakey, alifika Olduvai 1931, na Mary, aliyekuja kuwa mkewe, 1935. Kwa miaka mingi waliokota zana za mawe kwa wingi, lakini wenyewe waliozichonga hawakuonekana. Fedha zilikuwa chache, na msimu wa kuchimba mfupi.

Mwaka 1959 televisheni iliingia katika habari hii. Armand na Michaela Denis, waliokuwa na makazi Nairobi, walikuwa wakitengeneza filamu za wanyama kwa ajili ya BBC. Wakapatana na akina Leakey kwamba mpigapicha wao, Des Bartlett, aje arekodi uchimbaji tangu jembe la kwanza. Mahali palikwisha kuchaguliwa: korongo lililopewa ufupisho wa MK, ambako Heselon Mukiri, msimamizi wa wachimbaji na mwenzake Louis wa miaka mingi, alikuwa ameona kipande cha taya chenye jino la binadamu wa kale. Ila Bartlett alikuwa bado hajafika, na ahadi ni ahadi. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa udongo.

Basi watu wakakaa. Asubuhi ya tarehe 17 Julai Louis alikuwa kitandani na homa. Mary, ambaye kukaa bure hakukuwa tabia yake, alitoka na mbwa wake wawili kwenda kutazama korongo jingine, FLK. Herufi hizo zilitokana na jina la Frida, mke wa kwanza wa Louis. Jiografia ya Olduvai haikuwa na haya. Hapo akaona mfupa umechomoza ardhini, kisha meno mawili makubwa yakiwa bado kwenye taya la juu. Alirudi kambini mbio, na Louis akaisahau homa yake.

Wangeweza kuanza kuchimba papo hapo. Hawakuanza. Walimngoja Bartlett, safari hii kwa hiari yao wenyewe, na kamera ilipokuwa tayari ndipo udongo ukaanza kuondolewa. Naona huo ndio uamuzi wa busara kupita yote ya msimu ule. Kuchimba ni kuharibu: tabaka likishafumuliwa halirudi, na linalobaki ni daftari, mchoro na picha. Vipande kama 400 viliokotwa na kuchekechwa, Mary akaviunga mpaka fuvu likapata sura. Louis akaliita *Zinjanthropus*, na mwezi Agosti wakaenda nalo Leopoldville, kwenye mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika.

Sifa zilivuka bahari. National Geographic ilitoa fedha, na kazi ya mwaka mmoja na ushei ikaipita ile ya miaka yote iliyotangulia. Mwaka 1961 wapimaji wa miamba walitangaza kwamba fuvu lina umri wa miaka milioni 1.75. Mwaka 1966 Leakey akawa nyota wa filamu nzima kwenye televisheni ya Marekani. Fuvu lenyewe lilirejea Tanzania mwaka 1965.

Na kile kipande cha Mukiri? Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza *Homo habilis*, wakaliweka taya la MK miongoni mwa mabaki ya kuthibitisha spishi hiyo. *Zinjanthropus* akaonekana kuwa tawi la pembeni la ukoo wa binadamu, lililokatika. Aliyewekwa kando akingoja kamera ndiye aliyeingizwa katika jenasi yetu.