Milipuko ya Sekunde Mbili na Antena ya Malindi

Mwaka 1882 Durban ilipata kituo chake cha kuangalia nyota, Natal Observatory, chini ya Mwingereza Edmund Nevill. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, Desemba 6 mwaka huohuo. Kituo kilifungwa 1911. Miaka yote hiyo miale ya gamma ilikuwa ikimiminika juu ya mji bila mtu kujua, kwa kuwa hewa huizuia isifike ardhini. Anayetaka kuiona hana budi kupandisha chombo chake juu ya hewa.

Walioigundua milipuko ya miale hiyo hawakuwa wakitafuta nyota. Kuanzia 1963 Marekani ilirusha setilaiti za Vela zichunge mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani. Julai 2, 1967, zikanasa mmweko wa gamma usiofanana na wa bomu lolote. Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson wa maabara ya Los Alamos walichambua kumbukumbu zake, na 1973 wakatangaza milipuko 16 iliyotoka mbali kabisa na dunia na jua.

Darubini ya Compton, iliyorushwa 1991, ilirekodi milipuko 2,704. Mwaka 1993 Chryssa Kouveliotou na wenzake walionyesha kwamba kuna makundi mawili, na mpaka wake ni kama sekunde mbili. Mirefu ilikuja kuhusishwa na vifo vya nyota kubwa. Mifupi ilibaki fumbo: kabla darubini haijageuka, imekwisha.

Hapo ndipo pwani ya Waswahili inapoingia. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco baharini. Karibu na ikweta, roketi husaidiwa na mzunguko wa dunia. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa hapo setilaiti ya eksirei iliyopewa jina Uhuru. Novemba 15, 1972, ikafuata SAS-2, darubini ya miale ya gamma.

Swift, setilaiti ya kuwinda milipuko hii kwa kujigeuza haraka, iliruka kutoka Florida, Novemba 20, 2004, lakini antena ya Malindi ndiyo iliyopewa kazi ya kupokea data zake.

Mei 9, 2005, saa moja asubuhi kwa saa za Kenya, Swift ilinasa mlipuko uliodumu sekunde 0.04 hivi. Ikajigeuza yenyewe, na ndani ya dakika moja hivi darubini yake ya eksirei ilikuwa imeelekea huko. Ilikusanya chembe 11 tu za mwanga. Zilitosha! Kwa mara ya kwanza mlipuko mfupi ulijulikana ulipotokea: karibu na galaksi kongwe, ambamo nyota kubwa hazizaliwi tena. Dhana kwamba nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, ziligongana ikapata nguvu.

Uthibitisho ulikuja Agosti 17, 2017, saa nane na dakika 41 mchana kwa saa za Durban. Mitambo ya LIGO na Virgo ilipokea mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zikiungana. Sekunde 1.7 baadaye darubini ya Fermi ikanasa mlipuko mfupi wa gamma. Swift wakati huo ilikuwa imezibwa na dunia. Ilipopata nafasi ikaona mwanga wa urujuanimno. Kesho yake SALT, darubini ya Afrika Kusini iliyoko Sutherland yenye vioo 91, ikauchambua mwanga kutoka galaksi NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130. Mwanga huo ulionyesha kwamba migongano ya namna hii huzalisha elementi nzito, dhahabu ikiwemo. Neil Gehrels, aliyeongoza Swift tangu mwanzo, alikuwa amefariki Februari mwaka huo.

Data za Swift na Fermi ziko wazi kwa yeyote, bila malipo. Vyuo vikuu vya pwani hii, kuanzia KwaZulu-Natal hadi Kilifi, viwafundishe vijana kuzisoma. Ukanda uliozipokea data za Swift kwa antena yake unastahili pia kuwa na wanaozichambua.