Jivu la Makaa ya Mawe: Taka au Saruji?

Tunapofundisha ngeli na kufika kwenye jozi ya jivu – majivu, mifano yetu huwa ni ya jikoni: jivu humwagwa shimoni, au mama hulitumia kusugulia sufuria, na somo likaendelea. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, jivu linaweza kujenga nyumba?" Wenzake walicheka. Makala haya ni jibu langu kwake.

Linaweza, na jambo lenyewe ni la kale. Warumi walichimba jivu la volkano karibu na mji wa Pozzuoli, Italia, wakalichanganya na chokaa na kupata zege linaloganda hata ndani ya maji. Jina la mji huo ndilo lililozaa neno pozolana, ambalo hata viwanda vya saruji hapa Uganda hulitumia kwa jivu la volkano linalochanganywa na saruji.

Jivu la makaa ya mawe lilichelewa kupata heshima hiyo. Katika miaka ya 1920 mitambo ya umeme ya Marekani ilianza kuchoma makaa yaliyosagwa kuwa unga, na jivu laini mno likawa linaruka pamoja na moshi. Mwaka 1937 Raymond E. Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walichapisha utafiti kuhusu zege lililotiwa jivu hilo. Lilikuwa na tabia ya pozolana: saruji inapoganda hutoa chokaa, nalo jivu hushikamana na chokaa hiyo likawa gumu.

Mtihani mkubwa ulikuja Montana, kwenye bwawa la Hungry Horse, lililojengwa kati ya 1948 na 1953. Ukuta wake una kimo cha mita 172. Ikumbukwe kwamba saruji hutoa joto inapoganda, na zege nene namna ile likipoa hupata nyufa. Wahandisi walipunguza saruji wakatia jivu, zaidi ya tani 120,000. Joto likapungua, na saruji ikaokolewa. Ukuta umesimama hadi leo.

Hata hivyo, jivu jingi halikufika kwenye zege. Lilimwagwa madimbwini kando ya mitambo. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa dimbwi la mtambo wa Kingston, Tennessee, ulibomoka. Tope la jivu, kiasi cha mita za ujazo milioni 4, likamwagika mtoni na kuharibu nyumba za watu. Ndani ya tope hilo mlikuwa na aseniki na risasi.

Na hapo ndipo mjadala ulipogeuka kuwa wa lugha. Je, jivu liitwe "taka ya hatari"? Wauzaji walilalamika kwamba likipewa jina hilo hakuna mjenzi atakayeligusa. Watetezi wa mazingira walisema kwamba bila jina hilo madimbwi yataendelea kuvuja. Desemba 2014 serikali ya Marekani iliamua kuwa ni taka ya kawaida, ikaweka masharti kwa madimbwi, na kuliacha huru jivu linalofungwa ndani ya zege. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kutaka neno moja litoshe kwa vitu viwili. India ilikuwa imepita njia nyingine: mwaka 1999 iliwaamuru wafyatua matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka kwenye mitambo ya makaa watie angalau asilimia 25 ya jivu.

La kuchekesha ni kwamba sasa jivu linatafutwa. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa tarehe 30 Septemba 2024, na Marekani imefunga mingi. Kwa hiyo kuna makampuni yanayofukua madimbwi ya zamani, yanalikausha jivu lililotupwa miaka mingi iliyopita na kuliuza kwa watengenezaji wa zege.