Mwambie Muuguzi Kweli Kabla ya Upasuaji

 

Kabla ya upasuaji, muuguzi huuliza maswali mengi. Mgonjwa alikula lini? Ana pumu, kisukari au shinikizo la damu? Kuna dawa inayomdhuru? Wengine huona tunawapotezea wakati. Leo sikilizeni maswali haya yalitoka wapi.

Mwaka 1847, mjini Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kutumia klorofomu kuwaondolea akina mama uchungu wa kujifungua. Watu wengi waliifurahia dawa hiyo. Lakini tarehe 28 Januari 1848, kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa mguu. Alikufa baada ya dakika chache. Ndipo ikaonekana kwamba hatari si kisu peke yake. Dawa ya usingizi nayo yaweza kuua, hata katika upasuaji mdogo.

Mwaka 1941 madaktari wa Marekani walitoa njia ya kuwapanga wagonjwa kwa madaraja, kulingana na afya yao kabla ya upasuaji. Njia hiyo imerekebishwa, na ingali inatumika.

Na kwa nini tunauliza habari za chakula? Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha uchunguzi wa mimba 44,016. Akina mama 66 walipopewa dawa ya usingizi, chakula au maji ya tumboni yaliingia mapafuni. Wawili walikabwa na chakula, wakafa. Usingizi wa dawa hulegeza koo, na mgonjwa hawezi kukohoa.

Kwa hivyo mama, usimpe mtoto uji kisirisiri kwa kumhurumia. Mara nyingi chakula husimamishwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, na maji masaa 2. Fuata saa utakazopewa hospitalini. Ikiwa ameshakula, sema. Hatutakugombeza. Upasuaji usio wa haraka utangojea, na ule wa dharura daktari atajua jinsi ya kumkinga.

Taja pia dawa zote, hata za mitishamba. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.