Kioo Kinachosomwa Mara Mbili

Bungu ni kata ya mlimani katika wilaya ya Korogwe, upande wa kusini wa Usambara Magharibi. Kwa miongo mingi, kifaa kikuu cha maabara katika vituo vya afya vya milima hii kilikuwa darubini, nacho kilikuwa na kasoro moja: mpimaji akishainua jicho, hakuna ushahidi wa alichokiona ila neno moja kwenye daftari, chanya au hasi.

Dawa yake ikawa kutotupa kioo.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Mpango huo ulijengwa juu ya rejista. Makohozi yalipakwa kwenye kioo kilichoandikwa namba, yakatiwa rangi, kisha mpimaji akapitia sehemu 100 kabla ya kuthubutu kusema hasi. Jibu chanya liliandikwa kwa wino mwekundu. Baada ya hapo mafuta ya darubini yalifutwa na kioo kikawekwa kwenye boksi. Utaratibu ulipokomaa, baadhi ya vioo vilichukuliwa kwa bahati nasibu na kusomwa na mtu mwingine ambaye hakuonyeshwa jibu la kwanza. Hakuna aliyemsimamia mpimaji begani, lakini uzembe wake ulikuwa na pa kuonekana.

Malaria, iliyopimwa pia kwa darubini, ilionyesha gharama ya kutorudia kusoma kioo. Kuanzia mwaka 2002, mtafiti Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, vioo vilivyosomwa na watafiti vilithibitisha vimelea kwa 2,062 tu, yaani asilimia 46.1. Wakazi wa Usambara hawana budi kushtuka zaidi, kwani utafiti wa Rune Bødker uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kuwa, kutoka mita 300 kwenda mita 1,700 za milima hii, maambukizi hupungua zaidi ya mara 1,000. Homa ya juu mlimani ilibeba jina la ugonjwa wa bondeni.

Kisha zikaja mashine zenye kompyuta. GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutunza majibu yenyewe, na mtumiaji huingia kwa jina lake. Kwa vifaa vya aina hii, fundi anaweza kuingia kupitia mtandao akiwa mji mwingine kabisa, akabadilisha mpangilio na kutoka. Namba za majibu hazitasema aligusa nini. Ndiyo maana inafaa kurekodi skrini yenyewe: nani aliingia, saa ngapi, alibonyeza wapi.

Tatizo jipya ni kwamba kioo cha makohozi kilibeba namba tu, ilhali video ya skrini inaweza kubeba jina la mgonjwa na jibu lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mwenye kituo anayerekodi kazi ya fundi ana kazi ya pili: kuamua nani ataitazama rekodi hiyo, na itafutwa lini.