Abraham Jacobi, Tabibu wa Watoto

Msomaji kijana, bila shaka hukumbuki siku ulipopelekwa zahanati ukiwa na umri wa majuma sita, ukachomwa sindano ya paja, ukalia, kisha ukanyamazishwa kwa titi la mama. Sindano ile ilitia mwilini mwako kinga ya maradhi kadhaa, na mojawapo ni dondakoo. Huenda jina hili ni geni masikioni mwako, na ugeni huo ni neema kubwa. Babu za watu wa Ulaya na Marekani walilijua sana. Dondakoo hushika koo la mtoto, likaota utando wa kijivu, na utando ule ukikua huziba njia ya pumzi. Sumu yake huingia katika damu ikaharibu moyo. Lilikuwa likiingia katika nyumba yenye watoto wanne jumatatu, na jumapili wakabaki wawili.

Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyepigana na adui huyo maisha yake yote, naye adui akamwingilia nyumbani mwake mwenyewe.

Abraham Jacobi alizaliwa tarehe 6 Mei, 1830, katika kijiji cha Hartum, karibu na mji wa Minden, katika ufalme wa Prusia, ambao nchi yake hiyo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, watu wa hali ya chini. Kwa bidii alipata elimu ya uganga, akahitimu katika chuo kikuu cha Bonn mwaka 1851. Lakini zama zile zilikuwa zama za msukosuko. Mwaka 1848 watu wa nchi nyingi za Ulaya waliinuka kudai katiba na haki, na kijana Jacobi alikuwa miongoni mwao. Kwa sababu hiyo alikamatwa mwaka ule ule aliohitimu, akashtakiwa mjini Köln pamoja na wenzake mwaka 1852. Baraza lilimwona hana hatia. Hata hivyo hakuachiliwa. Alifungwa tena kwa shtaka la kumvunjia mfalme heshima. Alipotoka gerezani mwaka 1853 aliona kwamba kwao hakuna tena mahali pake. Alivuka kwenda Uingereza, na kutoka huko akavuka bahari kuu mpaka Marekani, akafanya makao katika mji wa New York.

Mgeni hana mtaa wa kuchagua. Jacobi alianza kazi yake miongoni mwa wahamiaji maskini. Aliyekuja kutazamwa alilipa senti 25. Aliyetaka tabibu afike nyumbani alilipa senti 50. Katika kupanda na kushuka ngazi za majumba yale, ambamo jamaa nzima ililala chumba kimoja, aliona kwamba waliokufa kwa wingi kuliko wote ni watoto wachanga. Aliona pia kwamba waganga wengi hawakushughulika sana na jambo hilo. Kufa kwa watoto kulihesabiwa kuwa kama mvua na jua, kazi ya Mungu isiyoulizwa.

Jacobi aliuliza. Alifundisha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mwili wake unakua. Una maradhi yake, kipimo chake cha dawa, na chakula chake. Basi haifai mwanafunzi wa uganga ajifunze habari za watu wazima tu, kisha akisie habari za watoto. Mwaka 1860 chuo kimoja cha uganga mjini New York kilimpa cheo cha profesa wa maradhi ya watoto, cheo ambacho hakikuwako kabla yake katika Marekani yote. Hapo alifungua mahali pa kuwatibu watoto bure, akawafundisha wanafunzi mbele ya wagonjwa wenyewe, wakitazama kwa macho na kugusa kwa mikono, si kwa kusoma kitabuni peke yake. Aliwasisitizia akina mama wanyonyeshe, na kwamba maziwa ya ng'ombe yasipewe mtoto kabla hayajachemshwa, kwani katika miji mikubwa ya siku zile maziwa machafu yaliua watoto wengi mno wakati wa joto.

Ukweli wake ulimletea uchungu pia. Alikuwa tabibu katika nyumba moja ya kulelea watoto wachanga, akaona jinsi walivyokufa kwa wingi humo. Akasema wazi kwamba mtoto hafai kurundikwa na mamia ya wenzake. Apewe mama wa kumlea katika nyumba ya watu. Wasimamizi, ambao walijiona watenda wema, walikasirika, naye akaipoteza nafasi yake. Hakuyarudisha maneno yake.

Mwaka 1873 alimwoa Mary Putnam, mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha uganga cha Paris, aliyehitimu huko mwaka 1871. Jacobi alikwisha kufiwa na wake wawili kabla yake, na watoto pia. Sasa nyumba yake ilikuwa na matabibu wawili, na mwaka 1874 walitoa pamoja kitabu cha kuwaongoza wazazi juu ya chakula cha watoto wachanga. Walipata mwana, Ernst, mwaka 1875, na binti, Marjorie, mwaka 1878. Mwaka 1880 Jacobi alitoa kitabu kikubwa juu ya dondakoo, na waganga wengi walimtambua kuwa bingwa wa maradhi hayo.

Miaka mitatu baadaye dondakoo lilimshika Ernst. Fikiri, msomaji, hali ya nyumba ile. Baba alijua kila dalili kabla haijatokea. Mama alijua vilevile. Hapana mtoto aliyekuwa na waganga bora kuliko hao, lakini dawa yenyewe ilikuwa haijapatikana duniani. Ernst alikufa mwaka 1883.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba mwaka ule ule Edwin Klebs alieleza kijidudu kiletacho dondakoo, na mwaka 1884 Friedrich Loeffler akakiotesha peke yake. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, huko Berlin, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ile yaweza kuishinda. Dawa iliyotengenezwa kwa damu ya farasi ilianza kuenea mwaka 1894. Msaada ulifika, lakini kwa Ernst ulichelewa miaka 11.

Mtu mwingine angalivunja kalamu. Jacobi alirudi kwa watoto wa watu. Mwaka 1888 waganga wa watoto wa Marekani walipounda chama chao, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Nathan Straus, naye Myahudi mhamiaji, alipoanza mwaka 1893 kuwagawia maskini wa New York maziwa yaliyosafishwa kwa moto, Jacobi alikuwa mshauri wake. Tena katika miaka hiyo ya 1890 aliitwa kuwa profesa Berlin, mji mkuu wa dola iliyomfunga. Alishukuru, akakataa.

Mary alifariki mwaka 1906. Mwaka 1918 moto uliteketeza nyumba ya Jacobi ya mashambani pamoja na maandishi ya habari za maisha yake. Yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Julai, 1919, mwenye umri wa miaka 89.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Jacobi hakuchezea kwao, kwa kuwa kwao walimfukuza; lakini nchi ya ugenini ilimtunza, naye akailipa kwa watoto wake. Wewe utakapochukua ndugu yako mdogo kwenda kuchomwa sindano, usiudhike kwa foleni ndefu. Kumbuka kwamba palikuwa na baba aliyejua yote yaliyojulikana wakati wake, aliyekaa kando ya kitanda akiitamani sindano hiyo, nayo haikuwako.